Futikamba, Matembele na Siku 280

Kwenye ukuta wa jikoni kwetu, Pongwe, Tanga, bado ipo kalenda ya mwaka jana. Tuligawiwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kuanzia Mei mpaka Agosti imejaa wino wa rangi tatu. Bluu ni tarehe za kliniki. Kijani ni za bustani. Nyekundu ni hesabu za mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuandika kitu kwenye kalenda hiyo wala hataandika, ila mjukuu wake wa darasa la pili alijiteua kuwa karani wake. Mwishoni mwa Agosti kuna kisanduku ambamo rangi zote tatu zimepandana hadi namba haisomeki, na juu yake kuna alama ya duara ya kikombe cha chai. Nimeshindwa kuitupa.

Tulihamia Tanga mwishoni mwa Aprili, masika ikiwa imekolea. Baba watoto ni fundi mitambo, kazi ilimhamisha kutoka Morogoro, na kwake ilikuwa sawa na kurudi nyumbani: kazaliwa Ngamiani, barabara ya 12, na mama yake yuko pale pale. Mgeni nilikuwa mimi. Nilishuka na cherehani, watoto watatu na mimba ya wiki 22. Jirani wa kwanza kuja kutusalimu alinipokea kwa ule msemo wao, "Karibu Tanga, waja leo waondoka leo," nikamwambia kwa tumbo hili, dada, siondoki leo wala kesho.

Huwa siandiki majina ya wanangu. Mkubwa tumwite Kifungua, binti wa darasa la tano. Anayemfuata ni Wa Kati, huyo karani. Wa mwisho ni Kitinda, miaka minne, ambaye wakati tunahamia alikuwa amebakiza miezi minne tu ya kulitumia jina hilo, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Barua ya uhamisho wa shule ilitakiwa kuchukua wiki mbili. Ilichukua zaidi ya miezi mitatu. Sitasema ilikwama wapi, kwa sababu kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwenzake, na wote walikuwa watu wa adabu nzuri sana. Mwanzoni nilijipa moyo kwamba likizo ya Juni iko karibu, wakikosa wiki chache haidhuru. Likizo ikaja, ikaisha, wenzao wakarudi darasani Julai, wangu bado wako varandani.

Basi varanda ndiyo ikawa shule. Nilichora ratiba nzuri kwa rula: saa mbili na nusu Hisabati, saa tatu na nusu Kiswahili, saa nne na nusu mapumziko, kisha Sayansi. Ilidumu siku nne. Siku ya tano alikuja mteja na kitambaa cha gauni la Idi, akaja wa pili, wa tatu, na kufikia katikati ya Mei nilikuwa na nguo kumi na tisa za kushona kabla ya Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja. Nikawa nafundisha mguu mmoja ukiwa kwenye pedeli. "Soma kwa sauti!" nasema, cherehani inanguruma, mtoto anasoma kwa sauti, mimi sisikii hata neno. Nikisimamisha cherehani naye anasimama. Sijui aligundua lini kwamba kelele ikianza anaweza kusoma sentensi ile ile mara tano nami nikatikisa kichwa kwa kuridhika, lakini aligundua.

Kuna watu hupenda kusema kila mzazi ni mwalimu. Mimi sikubali. Mwalimu ana mafunzo, ana subira ya kulipwa, na saa nane anarudi kwao. Wiki ya pili Kifungua aliniletea swali la kugawanya sehemu: 3 gawanya kwa robo. Nikamwambia kama nilivyoambiwa mimi, geuza hiyo ya pili halafu zidisha, jibu 12. Akaniuliza, "Kwa nini unageuza?" Nikasema ndiyo kanuni. Akasema, "Lakini mama, tukigawanya si kinapungua? Mbona tumeanza na 3 tumepata 12?" Nina cheti cha kidato cha nne na sikuwa na jibu. Nilimfokea, naona aibu kuliandika hilo, nikamwambia aendelee na swali linalofuata.

Jibu lilikuja jioni nikiwa nakata mifuko ya kanzu za watoto. Mbele yangu kilikuwepo kitambaa cha mita tatu, kila mfuko na utepe wake vinakula robo mita. Nikaweka mkasi chini. Nikamwita. "Hiki ni mita ngapi?" Tatu. "Mfuko mmoja ni robo. Nipimie, nitapata mifuko mingapi?" Akachukua futikamba, akaanza kuweka alama za chaki, sentimita 25, 50, 75, anaita kwa sauti, mpaka mwisho wa kitambaa. Kumi na mbili. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe swali lilikuwa linauliza robo ngapi zimo ndani ya tatu." Ndiyo hivyo, na mimi nilikuwa nalijua hilo miaka kumi na tano kwa mikono bila kujua kwamba nalijua.

Tangu siku hiyo futikamba haikukaa shingoni kwangu tena.

Bustani haikuanza kwa mapenzi ya kilimo. Ilianza kwa damu. Mei, nilipohamishia kliniki zahanati ya huku, nesi alinitoboa kidole akasoma 9.6, akanyanyua macho akanitazama. Kwa mjamzito wingi wa damu unatakiwa usipungue 11. Aliniongezea vidonge vya madini ya chuma na foliki, akanipa dozi ya kuzuia malaria niimeze pale pale mbele yake, kisha akaanza kunihoji nakula nini. Nilikuwa nakula wali na chai. Fundi cherehani mwenye oda za Idi anakula chochote kinacholika kwa mkono mmoja. Akaniambia chai niisogeze mbali na chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini, nile dagaa na maharage, mboga za majani kila siku, na kila mlo nimenye chungwa, maana uchachu wa chungwa unasaidia chuma kuingia. Machungwa huku si shida, Muheza ipo hapo mbele tu, na msimu wake ukifika yanamwagwa barabarani kwa mafungu. Mboga kila siku ndiyo ilikuwa hesabu nyingine kwa mfuko wetu.

Nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna kiwanja kidogo. Mtu wa Morogoro amezoea udongo unaokubali jembe. Pongwe ni nchi ya mawe ya chokaa, ndiyo maana wanayachimba. Ukipiga jembe linakujibu kama kengele. Watoto waliokota mawe siku tatu, Wa Kati akihesabu ndoo: 61. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alitupa samadi ya mbuzi viroba sita bure, kwa sharti kwamba tukivuna matembele tumkumbuke.

Kisha kuku. Kuku wa jirani hawana mipaka, na hata mwenye nyumba hawana habari naye. Tulikubaliana kuzungushia wavu. Nikaona hapa ndipo Hisabati ya darasa la tano itakapolipa: nikamwachia Kifungua apime. Alipima vizuri sana, urefu mita 6, upana mita 4, akaandika kwa kalamu, akapiga mstari chini ya jibu, akampa baba yake: 24. Baba yake, mtu anayefunga na kufungua mitambo mizito kwa milimita, aliweka karatasi mfukoni bila kuitazama mara mbili akaenda mjini kununua wavu wa kufugia kuku mita 24.

Walizungushia Jumapili. Walipofika kwenye nguzo ya kuanzia, wavu ulikuwa bado umekunjwa mikononi mwa baba. Wakautazama. Kifungua akaenda polepole kwenye daftari lake. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele, na niliona kabisa dakika ile mgongo wake ulivyonyooka. "Nilitafuta eneo," akasema. "Mlitaka mzingo." Kisha, kwa sababu ni binti wa baba yake: "Lakini baba nawe hukuangalia." Mita nne zilizozidi tulizitumia kufunika kitalu cha nyanya, na mpaka leo ukimuuliza tofauti ya eneo na mzingo anakuonyesha kile kipande cha wavu.

Mchicha tuliumwaga mara mbili. Mara ya kwanza mvua ya usiku mmoja ilizoa mbegu zote ikazipeleka kwenye mfereji, na wiki mbili baadaye tulikuwa na mchicha mzuri sana mferejini. Mara ya pili mama mkwe alikuja kutoka Ngamiani na daladala, akavua baibui, akajifunga kanga kiunoni, akachanganya mbegu na mchanga mkavu kwenye bakuli. "Mbegu ya mchicha ni vumbi," akasema, "ukiimwaga peke yake inaanguka lundo moja. Changanya na mchanga, mkono wako utajua kiasi." Matembele yeye ndiye aliyeleta marando, mafungu mawili kwenye mfuko wa nailoni, akawaonyesha watoto kuyakata kipimo cha rula na kuyalaza kwenye tuta, nusu ndani nusu nje. Mnavu na bamia viliota bila kutusumbua. Mchaichai ulikuwepo tangu zamani.

Sasa niseme la udongo, maana nimejizungusha vya kutosha.

Wanawake wenzangu mnajua. Kuna mimba inayotaka embe mbichi, kuna inayotaka ndimu, na kuna inayotaka udongo. Ya kwangu hii ilitaka udongo, na si vile vipande vikavu vinavyouzwa sokoni, hivyo vilinipita. Ilitaka harufu ya tuta lililomwagiliwa jioni. Nilikuwa naenda bustanini saa kumi na mbili kwa kisingizio cha kung'oa magugu, nainama, navuta pumzi, meno yanatekenyeka. Siku moja ya Juni nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikachukua bonge dogo la udongo mweusi wenye unyevu chini ya marando, nikaliweka ulimini. Sijui nisemeje. Lilikuwa kama mvua ya kwanza. Lilikuwa limeanza kuyeyuka niliposikia sauti nyuma ya wavu.

"Mama anakula bustani!"

Kitinda. Akakimbia na habari hiyo nyumba nzima, kisha nje, na nadhani ilifika barabara ya lami. Wa Kati alikuja na kalamu kuuliza kama aandike kwa kijani au kwa bluu.

Niliporudi kliniki nilijisema mwenyewe kabla Kitinda, niliyekuwa naye, hajanisemea. Nesi hakucheka. Aliniuliza bustani inatiwa mbolea gani. Nikasema samadi. Akanyamaza ule unyamavu wa nesi, akanipa dawa ya minyoo, akanieleza kwamba udongo hauongezi damu, unakamata hicho chuma kidogo unachokula na kuondoka nacho, mbali na mayai ya minyoo. "Hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu iko chini," akasema. "Meza vidonge. Itaondoka." Majirani walinitengea juisi ya choya, jagi kwa jagi, wakiapa kwamba inaongeza damu. Niliinywa kwa sababu ni tamu. Lakini kazi nadhani ilifanywa na vile vidonge, ambavyo ladha yake ni kama kulamba msumari, pamoja na matembele, dagaa na machungwa. Julai nikasoma 10.8. Agosti 11.4. Hamu ya udongo sijui ilikwenda siku gani. Niligundua tu kwamba nimeng'oa magugu mstari mzima bila kuvuta pumzi.

Pale kliniki ndipo Wa Kati alipopata somo lake kubwa, kwa bahati. Ilikuwa tarehe 3 Julai, nilikwenda naye kwa sababu Kifungua alikuwa na homa. Nesi alinilaza, akachukua futikamba, akapima tumbo kutoka mfupa wa kinena mpaka juu ya mfuko wa uzazi, akasema 31. Mtoto akauliza, "Inchi au sentimita?" Nesi akapenda swali. Akamweleza kwamba baada ya wiki ya ishirini, sentimita za tumbo zinakwenda karibu sawa na wiki za mimba, zikipishana moja au mbili si neno. Mimi nilikuwa na wiki 32. Tukarudi nyumbani na mtu aliyepata kazi. Kila Alhamisi nilipimwa kwa futikamba ya kushonea, na mche mmoja wa bamia aliouchagua yeye ukapimwa pia, na vyote vikaandikwa kwenye kalenda. Bamia ulinipita wiki ya kwanza tu. Aliniambia nisijali.

Konokono sitawaeleza sana. Wanaojua konokono wa Tanga, wale wakubwa kama ngumi, wanajua. Tuliamka asubuhi moja mistari miwili ya mchicha imebaki vijiti. Wavu wa kuku haumhusu konokono. Ikawa kila usiku baada ya Isha tunatoka na tochi na ndoo ya maji ya chumvi, Kitinda ndiye mwenye macho. Usiku wa kwanza 47, wa pili 39, wa tatu 40, wa nne 22. Kifungua alichora grafu ya nguzo. Ndiyo grafu pekee niliyowahi kuona watoto wakiigombania. Tulizungushia majivu pia, yakafanya kazi mpaka mvua za mchoo zilipopita Julai zikageuza majivu kuwa uji.

Nyanya zilikufa. Miche arobaini kwenye kitalu kizuri chenye wavu wa mita nne, na baada ya kupandikiza ikabaki tisa. Nilinyongea kuliko ilivyostahili, ujauzito una tabia hiyo. Jumamosi yake baba watoto alitupakia kwenye bajaji ya rafiki yake kutupeleka kutembea, tukapita kando ya shamba la mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Akawasimulia watoto kwamba mkonge si mmea wa huku. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Ujerumani ndipo ifike pwani hii, na iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba yote wanayoyaona, na jina lote la Tanga, vilianzia kwenye hiyo 62. Kifungua akatoa kichwani: 938 zilikufa. Wa Kati akanigeukia. "Mama, wewe zimekufa 31 tu."

Nililala vizuri usiku ule.

Julai 17 nilifanya altrasaundi mjini na vita vya tarehe vikaanza. Kadi ya kliniki ilisema 28 Agosti. Picha ikasema 9 Septemba. Mama mkwe aliposikia akacheka kwa pua. Akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu miezi ya kuandama kuanzia ule niliokosa siku zangu: "Mfungo Tisa, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi, Pili, Tatu, Nne, Tano. Hiyo tisa. Mfungo Sita tunapokea mtoto, mwezi wa Maulidi. Mwezi ukiandama, ngoja siku tatu nne." Karani akatafuta kwenye kalenda mwezi utaandama lini, akaongeza siku, akaandika kwa wino mwekundu: 28 Agosti.

Hapo Kifungua akakataa kabisa kwamba ni bahati. Siku mbili hakutaka somo lingine. Alichukua tarehe ya hedhi yangu ya mwisho, 21 Novemba (ndiyo, darasa la tano, na aliielewa bila kuona haya kuliko mimi nilivyoeleza), akahesabu siku mwezi kwa mwezi mpaka 28 Agosti. Zikatoka 280 kamili. Akagawanya kwa saba, 40. Kisha akachukua hesabu ya bibi: mwezi wa kuandama ni siku 29 na nusu, mara tisa ni 265 na nusu. "Bibi amepungukiwa siku 14 na nusu," akatangaza. Lakini mbona wanafika siku moja? Ikabidi tusubiri kliniki inayofuata. Nesi yule yule, Mungu ampe umri, akamwambia wao huanza kuhesabu tangu hedhi ya mwisho, wakati mimba yenyewe hutunga kama wiki mbili baadaye. Kuhusu altrasaundi alisema ikifanywa mapema, wiki ya 12 hivi, ndiyo ya kuaminiwa kwa tarehe. Ukichelewa mashine inakadiria kwa ukubwa wa mtoto, na watoto hawalingani. Kwa hiyo bibi na kliniki walikuwa wakisema jambo moja. Mama mkwe alipoelezwa ugunduzi huo alisema, "Enhe," akaendelea kupembua mchele.

Wiki ya Nane Nane watoto walifanya maonesho yao varandani: mafungu sita ya matembele, bamia kwenye kisahani, nyanya tatu zilizopakwa mafuta ziwake, na konokono mmoja hai kwenye chupa, kiingilio shilingi mia. Mzee wa samadi alikuja, akakumbukwa kwa mafungu mawili. Na katikati ya maonesho hayo baba watoto akarudi kutoka kazini na bahasha. Barua ya uhamisho.

Jumatatu tarehe 11 walivaa sare nilizozishona mwezi Mei nikidhani ni za wiki ijayo. Ya Kifungua ilikuwa imekuwa fupi, nikashusha upindo usiku wa Jumapili. Wakaondoka saa kumi na mbili na nusu. Nilitegemea kufurahi, miezi mitatu nilikuwa nimeiomba siku hii kwa Mungu na kwa makarani. Nilikaa kwenye cherehani, nikashona kola moja, nikaifumua, nikaishona tena. Kelele ya cherehani ilikuwa peke yake. Kitinda alikuja akakaa chini ya meza akashika daftari la kaka yake kichwa chini miguu juu, akaanza kusoma kwa sauti. Sentensi moja, mara tano.

Tarehe 28 ilifika. Ndicho kile kisanduku. Bluu ya kliniki, nyekundu ya bibi, na kijani kwa sababu mchicha tuliomwaga 31 Julai ulikuwa unatimiza siku 28. Mama mkwe alikuja tangu asubuhi na mfuko wake wa kanga. Watoto walikimbia kutoka shule. Hakikutokea kitu. Tulikula mchicha. Baba watoto alinywa chai akiegemea ukuta, akatua kikombe juu ya kalenda aliyoishusha ili ahakikishe tena.

Uchungu ulinishika Jumamosi usiku. Ile bajaji ya rafiki ilitupeleka mjini barabara ikiwa tupu, upepo wa kusi unaingia pande zote mbili, mama mkwe amenishika kiuno anasoma dua. Mtoto alizaliwa Jumapili 31 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, msichana, kilo 3.4, akiwa na sauti ya mtu aliyecheleweshwa na ofisi. Mengine ya chumba kile ni yangu na ya mkunga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na baba siku 3. Fundi cherehani anayejiajiri hapewi na mtu. Mimi nilipewa na mama mkwe, arobaini nzima, alihamia kwetu na mkeka wake. Baba watoto alizitumia siku zake tatu kufua, kumwagilia na kunichemshia uji wa pilipili manga, na ya nne akarudi kazini macho mekundu.

Nilipoingia nyumbani na kitoto kifuani, Kitinda alikuwa amekaa mlangoni. Mtu alikuwa ameshamweleza habari ya jina, nadhani dada yake. Alimtazama mtoto muda mrefu, akagusa kisigino kwa kidole kimoja. "Huyu ndiye Kitinda sasa?" Nikasema ndiyo. "Na mimi nani?" Kabla sijapata jibu Wa Kati akatoka jikoni na futikamba shingoni na kalamu zote tatu mkononi. Alikuwa ameshapiga hesabu tangu alfajiri: siku 283, gawanya kwa saba. Hakujua aandike kwa rangi ya nani, kwa hiyo kwenye kisanduku cha tarehe 31 ameandika kwa penseli.

40 baki 3.